Mlango Unaoongea kwa Sauti ya Mke Wangu

Machi 3, Jumatatu

Mke wangu ameondoka. Jana, baada ya chakula cha mchana. Yuko kwa dada yake, mtaa wa juu. Alichukua kikapu tu. Mwanamke anayeondoka na kikapu hajaondoka, ametoka. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi.

Chanzo ni friji. Nilihitaji kompresa, ile chuma nyeusi inayonguruma kwa nyuma. Kompresa ya friji ukiitoa kwa heshima inakuwa pampu safi ya upepo, kila mwenye akili anajua. Friji lililobaki sikulitupa, mimi si mtu wa kutupa. Nikapanga humo bisibisi, koleo na misumari, rafu kwa rafu, wakubwa chini wadogo juu. Kabati la vifaa la kutamanisha. Nilichosahau ni kumwambia mwenye friji. Akafungua kuchukua maziwa, akakuta nyundo.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia kujitetea. Alifunga mlango wa friji taratibu, akauliza pasi iko wapi. Nikamwambia pasi inabana mbao niliyoipaka gundi. Akauliza birika la umeme. Nikamwambia lina mche wa pilipili, na umeshika vizuri. Blenda? Inasaga rangi. Televisheni hakuuliza, anajua niliitoa matumbo mwaka jana ikawa kabati la viatu, na viatu vya nyumba hii havijawahi kupangika vile. Akasema hana ugomvi na mimi. Amechoka tu kukaa katika nyumba ambayo kila kitu kimeachishwa kazi yake. Akasema atarudi akiona kuna sababu ya kurudi.

Sababu. Nimelitafuna neno hilo siku nzima kazini. Mimi ni mtunza stoo wa ofisi. Mashine zote zilizokufa hupitia mikononi mwangu kabla ya kutupwa, na nyingine bahati yao nzuri haziendi kutupwa. Nilikuwa nimekaa katikati ya printa zilizokufa nilipopata jibu. Mke wangu anataka raha. Raha inaundwa. Nitaiunda.

Jioni nyumba kimya. Sikujua kwamba kandambili za mtu mmoja zinaweza kujaza nyumba nzima. Nimezikuta mlangoni, hakuzichukua. Nimezisogeza kidogo, kisha nikazirudisha alivyoziacha.

Machi 4, Jumanne

Nimepita kibandani kwa Bingwa. Bingwa ni fundi wa redio na simu hapo kona. Jina hilo alijipa mwenyewe. Nilikwenda kuazima risasi kidogo ya kuchomelea waya, akanipa na ushauri ambao sikuazima. Akasema nimpelekee friji na kompresa yake, airudishe mahali pake, mama arudi nyumbani, yaishe. Mtu asiye na ubunifu ndivyo alivyo. Akiona kitu kimetoka mahali, anachowaza ni kukirudisha. Nikamwambia ukiona vyaelea vimeundwa. Akasema vyangu mimi bado hajabahatika kuona kimoja kikielea.

Wateja wake wawili wakacheka. Mmoja simfahamu hata.

Kinachoniuma na Bingwa ni cha zamani. Alimtengenezea mke wangu redio yake. Ikaimba. Mke wangu akauzunguka mtaa akisema yule fundi ana mikono. Ana mikono. Na mimi nina nini, mapezi? Redio hiyo mimi ndiye niliyetangulia kuifungua, nilibakiza kidogo tu kuielewa.

Basi. Nimeanza na feni. Mke wangu hawezi joto, na nyumba ya dada yake ni oveni, bati lake liko chini. Mota ninayo, ilitoka kwenye mashine ya kufulia. Mapanga nimeyakata kutoka ubavuni mwa kompyuta kuukuu. Nimevifunga vyote juu ya miguu ya meza ya chuma. Kabla ya magharibi nimemaliza, na kidole kimoja tu ndicho kilichokatika ngozi.

Nilipomaliza sikuiwasha. Nilikaa nikaiangalia, nikamwona mke wangu amekaa mbele yake, ameinua kidevu, amefumba macho, kama anavyofanya akipata upepo. Huwa anasema ahaa, polepole. Mtu unaweza kumkosa mpaka mbavu zikauma. Nimewahi kusikia watu wakisema hivyo nikadhani ni maneno ya nyimbo.

Machi 5, Jumatano

Siku ya nuksi.

Nimeibeba feni begani mpaka kwa shemeji. Shemeji ana ulimi wa upanga, lakini alinikaribisha sebuleni. Alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachekecha unga, beseni la unga miguuni. Akauliza hicho ni kitu gani. Nikasema zawadi. Akauliza kinafanya nini. Nikasema ngoja uone.

Hapa niandike jambo la kiufundi. Mota ya mashine ya kufulia ina mwendo wa aina mbili. Mmoja wa kusugua nguo, mwingine wa kukamua. Mimi niliunga ule wa kukamua.

Unga wote uliinuka pamoja na ungo. Pazia likatoka dirishani likabaki nje linapunga. Shemeji alikuwa na kope nyeupe. Feni nayo, kwa kuwa sikuifunga chini, ikaanza kutembea. Ikavuka sebule, ikampita shemeji, ikaelekea mlangoni na waya wake kama yenye miadi. Mimi naikimbilia, yeye shemeji ananikimbilia mimi.

Mke wangu akatoka chumbani. Akaenda ukutani, akachomoa plagi. Kukawa kimya, unga unatua.

Akaniangalia. Nilikuwa mweupe kuanzia utosini. Naapa pembe ya mdomo wake ilitikisika. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ningesema sijala labda angesema kaa hapo. Lakini shemeji alikuwa amepata pumzi, akaanza, akaanzia harusi yetu akaja nayo mpaka leo, na mimi nikaona bora kuondoka. Feni ameizuia. Amesema ataiuza chuma chakavu.

Nimerudi nyumbani na lile swali. Umekula? Nimelisema kwa sauti nilipokuwa napika. Halifanani mtu akijiuliza mwenyewe.

Machi 7, Ijumaa

Jana sikuandika. Sikutengeneza kitu pia. Nilifika kutoka kazini, nikakaa, nikaondoka kwenda kazini.

Leo nilikuwa natafuta waya mwembamba kwenye mtoto wa meza, nikakuta simu yake ya zamani, ile ya kupangusa iliyopasuka kioo. Nikaichomeka chaji nikitarajia spika tu. Ikawaka. Na ndani yake kuna yeye.

Mke wangu alikuwa na mtindo wa kujirekodi ili asisahau. Chumvi, sabuni, kandili ya jirani irudishwe. Kuna moja anaimba anaosha vyombo, hajui kama simu inarekodi. Kuna moja naona aliibonyeza kwa bahati mbaya ikiwa mfukoni. Mlango unalia, mtu anaingia, ni mimi. Yeye anasema: "Karibu. Umefuta miguu? Haya ingia, nimekuwekea chakula."

Basi hayo tu. Alikuwa akiyasema kila siku. Mimi nilikuwa nikijibu ndiyo bila kufuta, napita moja kwa moja kwenye meza yangu ya kazi. Hata kwenye rekodi nasikika nikipita.

Niliisikiliza mpaka simu ikapata joto. Kisha mikono ikaanza kuwasha. Friji, lile lililoleta balaa, lina swichi ndogo mlangoni, ile inayowasha taa ukifungua. Swichi inayojua kwamba mlango umefunguliwa! Nikaing'oa, nikaifunga kwenye fremu ya mlango wa mbele. Waya wa hedifoni wa simu una kitufe cha kuanzisha sauti. Nikakata kitufe, mahali pake nikaunga swichi ya friji. Spika nimetoa kwenye redio ya ofisi. Simu yenyewe nimeitundika juu ya mlango kwa tepu.

Nikatoka nje. Nikafunga. Nikafungua.

"Karibu. Umefuta miguu? Haya ingia, nimekuwekea chakula."

Nikafuta miguu. Nikaingia. Hakukuwa na chakula, lakini niliingia. Nikatoka tena.

Nimetoka na kuingia mpaka mama wa mlango wa pili akatoa kichwa akauliza kama kuna kitu nimepoteza. Nikasema ndiyo. Akasema akikiona ataniambia.

Machi 8, Jumamosi

Uvumbuzi una kasoro ndogo. Kile kitufe kikiguswa haraka haraka, simu haiirudii rekodi ileile, inaruka kwenda nyingine. Mlango ukifunguliwa na upepo sijui nitakaribishwa na nini. Asubuhi uliniambia chumvi na sabuni. Mchana ukakoroma.

Nilidhani kuna mtu kajificha. Mkoromo wa kutisha, wa mnyama mkubwa mwenye mafua. Kisha ikaja sauti ya mke wangu kwa mnong'ono: "Halafu kesho aseme hakoromi." Kumbe ni mimi. Alinirekodi, ushahidi. Miaka yote nimemkatalia, hakunionyesha. Nimejiuliza kwa nini hakunionyesha. Angenishinda kirahisi.

Jioni mama wa mlango wa pili akaja kurudisha kandili yetu, maana sisi na yeye huazimana kandili kwa zamu. Akasukuma mlango. Mlango ukaimba wimbo wa kuosha vyombo. Akafurahi, akasema kumbe mama amerudi, mbona hata hajamsalimia jirani. Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini mtu mzima utaanzaje kusema ni mlango? Nikasema amejipumzisha. Akashusha sauti, akaniambia nimtunze safari hii.

Haikuishia hapo. Bingwa alikuwa akipita. Akasikia. Akasimama, akaniambia mbele ya jirani kwamba yeye mwenyewe amemwona mke wangu leo hii, muda si mrefu, anaanika nguo kwa dada yake. Basi huyo anayeimba ndani ni nani?

Jirani akanitazama. Bingwa akanitazama. Na hapa naandika kwa unyoofu, kwa sababu daftari halina mdomo: nilifurahi. Katika maisha yake Bingwa hajawahi kunitazama vile, kama mtu mwenye jambo. Nilitakiwa kusema mlango. Nikainua mabega. Nikasema ya nyumbani kwangu ni ya nyumbani kwangu, nikafunga.

Mlango haukushika, ukafunguka kidogo, ukakoroma. Nikawasikia nje wakinong'ona kwamba kumbe na mwanamume mwingine yumo.

Machi 9, Jumapili

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Limekuja saa nne asubuhi na limekuja na mke wangu na dada yake.

Nilikuwa mezani nabandua lebo kwenye chaja kuukuu. Nikasikia hatua za watu wawili wasiotembea kwa amani. Hawakubisha hodi. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, naye mlango akafanya kazi yake kwa adabu zote.

"Karibu. Umefuta miguu? Haya ingia, nimekuwekea chakula."

Shemeji akafuta miguu. Nadhani mwili wake ulifanya wenyewe. Kisha akakumbuka alilojia, akanipita akiuliza yuko wapi huyo mwanamke. Akatazama chini ya kitanda. Akatazama nyuma ya pazia. Akafungua friji, akakutana na nyundo, akanigeukia kwa uso wa mtu aliyechanganyikiwa. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema amemsikia kwa masikio yake mwenyewe, ameamkuliwa mlangoni.

Mke wangu hakuingia. Alisimama pale kizingitini. Aliinua macho akaona simu yake ya zamani imefungwa tepu juu ya mlango. Akavuta mlango taratibu, ukajifunga, yeye nje. Akafungua. Ukakoroma. Ukanong'ona: "Halafu kesho aseme hakoromi."

Akacheka. Alishika fremu ya mlango akacheka mpaka akachuchumaa. Nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu sijui lini, na kwenye simu haupo, nimetafuta.

Alipomaliza akafuta macho, akauliza nilimtengenezea nani hiki kitu. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa usalama wa nyumba na wezi. Haukutoka. Nikamwambia nilijitengenezea mimi. Nikamwambia siku hizi natoka nje bila shughuli yoyote ili nikirudi nikaribishwe. Nikamwambia nafuta miguu.

Hata shemeji alinyamaza, na hilo liwekwe kumbukumbu.

Kisha mke wangu akaniuliza jambo moja. Kama nilimkosa kiasi hicho, na siku tatu nina simu mkononi naifungua na kuifunga, kwa nini sikumpigia?

Ukweli ni kwamba sikuwaza. Nilikuwa na simu yake na nina simu yangu nzima mfukoni yenye salio. Sikuwaza hata mara moja kwamba kitu kile kinapiga.

Amemrudisha dada yake nyumbani. Shemeji aliondoka akisema wamekutana, sufuria na mfuniko wake. Mke wangu akavua viatu, akavaa kandambili zake. Nikainuka haraka, nikamwambia ngoja nikuonyeshe ilivyoungwa. Akanishika mkono. "Leo usitengeneze kitu, mwenzangu. Kaa tu na mimi."

Tumekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nimekalia mikono yangu. Amenisimulia mambo ya kwa dada yake, unga ambao bado unatoka kwenye mapazia kila wakifunga dirisha, na yeye kulala upande mmoja wa godoro kwa mazoea huku mwingine mtupu. Mimi nimesimulia machache, sikuwa na mengi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akainuka akapika, nikamenya vitunguu, na baada ya kula tukakaa tena palepale mpaka kiza kikaingia na hakuna aliyewasha taa. Sikumbuki siku nzuri kama hii. Amesema hatarudi kwa dada yake. Vitu vyake vitaletwa kesho.

Machi 10, Jumatatu

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nina mgeni.

Vitu vyake vimefika, kwenye begi kubwa la magurudumu la dada yake. Aliondoka na kikapu, sijui vilizaana vipi huko. Ametoka kwenda kumwita Bingwa aje kulichukua friji, na mimi sikusema neno. Nimemeza. Alipofika mlangoni aligeuka akaniomba, leo pia, nisishike bisibisi. Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo mmoja, kusema kweli.

Lakini mtu akiachwa peke yake anawaza. Nimewaza jana. Alisema kaa tu na mimi. Mwanamke amesema mwenyewe anachotaka, hakuna haja ya kuagua: kukaa. Na tulikaa wapi? Sakafuni, maana viti vya nyumba hii vyote vimeshaingia kwenye kazi nyingine. Alipoinuka nilimwona ameshika kiuno. Nimeuona ujumbe wote. Kinachokosekana katika ndoa hii ni benchi.

Benchi la watu wawili. Printa mbili za stoo nilizozileta zamani, zilizotolewa matumbo, moja kila upande, ubao wa mlango wa kabati juu. Imechukua muda mfupi tu. Lakini benchi lililosimama mahali pamoja ni mzigo, maana asubuhi jua liko dirishani na jioni liko mlangoni, na yeye hawezi joto. Benchi lazima lifuate kivuli. Lazima liwe na magurudumu.

Na magurudumu yalikuwa hapo hapo, yananiangalia. Manne, ya mpira, hayapigi kelele. Yameshikwa na skrubu ndogo ambazo karibu zitoke zenyewe. Mashimo nimeyaziba kwa tepu nyeusi na begi ni jeusi. Nitamweleza shemeji akiwa amepoa.

Kuna jambo nimeligundua wakati nalirudisha begi kwenye kona. Bila magurudumu ni zito ajabu. Halivutiki, halisukumiki, labda ubebe kichwani. Mtu akikasirika akaamua kuondoka nalo, hafiki mbali kabla hajaliweka chini apumzike, na akipumzika mwenzake atamkuta, atamwomba radhi, atambebea kulirudisha. Sikuyatoa kwa sababu hiyo. Niliyatoa kwa ajili ya benchi. Lakini nimelijaribu begi, nimelinyanyua mimi mwanamume mzima, nikashindwa kufika nalo mlangoni, na moyo wangu umetulia kuliko wiki nzima iliyopita.